Jenerali Tshimanga na Bahasha za Kinshasa

Tshimanga Mukuna alizaliwa hapa hapa Kindu, katika kambi ya wafanyakazi wa reli, ingawa baba yake alitoka Kasai. Mzee huyo alikuwa fundi wa mashine za treni, na alitaka mwanawe naye ashike spana. Mwana akachagua bunduki. Aliingia jeshini wakati wa Wabelgiji akiitwa Gérard. Wabelgiji walipoondoka alikuwa sajini, na baada ya hapo vyeo vikamjia haraka. Serikali ilipoamuru watu waache majina ya kizungu, Gérard likabaki kwenye cheti cha ubatizo tu. Mwaka wa sabini na nne akawa jenerali.

Mimi nilikuwa jirani yake kwa miaka tisa, na mengi ya haya niliambiwa na mke wake, Mama Ndaya.

Jeshini alijulikana kwa jambo moja. Katika kambi aliyoiongoza, askari walilalamika kwamba wanapikiwa maharagwe yenye wadudu huku maofisa wakiuza mazuri sokoni. Tshimanga hakumfunga mtu. Aliwaketisha maofisa wote mezani, akaketi nao, wakaletewa maharagwe yale yale.

"Kuleni," aliwaambia. "Mimi naanza."

Wakala hivyo siku kumi. Askari walimpenda mno, lakini wakubwa wa Kinshasa hawakucheka. Alipofika miaka hamsini na mbili walimpa medali na barua ya shukrani, akarudi Kindu kulima mpunga.

Mwaka wa themanini na tatu ikaja barua nyingine. Sasa walimtaka aongoze Ofisi ya Uangalizi, ofisi mpya ya kuwasaka wanaokula mali ya umma katika eneo letu. Mama Ndaya aliisoma mara mbili.

"Walikutoa juu ya maharagwe," alisema. "Leo wanakuita juu ya nini?"

"Pengine wamechoka na wizi."

Aliiamini barua ile kabisa. Alipiga pasi suti yake mwenyewe, akachukua nyumba ndogo karibu na posta iwe ofisi, na kwa ukatibu akamwita Kabeya.

Kabeya huyu alikuwa kama mtoto wake. Wakati wa vita vya waasi, akiwa askari mpya, alipigwa risasi ya paja huko karibu na Lokandu. Tshimanga alimbeba mgongoni siku mbili porini. Baadaye alimsomesha, akamfanya msaidizi wake, akasimama kama baba siku ya ndoa yake. Kabeya hakumwita jenerali hata siku moja. Alimwita Papa.

Mwaka wa kwanza waliandika ripoti kumi na moja. Jenerali aliziandika kwa mkono wake, Kabeya akazipiga taipu, zikatiwa katika bahasha na kufungwa kwa lakiri nyekundu. Kila ndege ya Kinshasa ilipokuja, Kabeya alikwenda uwanjani na bahasha yake. Majibu hayakuja. Waliotajwa walibaki kwenye viti vyao, na jambo la ajabu, walipokutana na Jenerali njiani walimsalimia kwa furaha. Alidhani Kinshasa inachelewa tu.

Ndipo akaja Sumaili, mkulima wa Kailo, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Alivua kofia, akasimama.

"Mon général, mupunga yetu iko na miezi mbili pale gare. Mvua imeinyeshea, sasa inaota majani ndani ya magunia. Wagon zinakuja, zinajazwa mali ya watu wenye wanajulikana."

"Nani anazigawa?"

"Mukubwa wa mizigo. Muntu akikuja mikono mitupu, anaambiwa angojee."

Jenerali alikwenda naye stesheni. Alitia mkono ndani ya gunia, akatoa mpunga uliooza, wa moto kama uji. Waliporudi ofisini alimwomba Sumaili aeleze yote na kutia sahihi. Sumaili aliutazama mlango.

"Watajua ni mimi?"

"Jina yako haitatoka humu ndani. Nakuapia kama askari."

Sumaili alitia sahihi polepole, herufi moja moja. Kabeya alikuwa mezani pake, akamkaushia wino.

Wiki ya tatu, mke wa Sumaili alitoka Kailo, akavuka mto pale Alunguli na kufika nyumbani kwa Jenerali. Alikataa kuketi. Wanajeshi walikuwa wamekuja Kailo na kumchukua mume wake, wakisema anatukana chama.

"Walimusomea karatasi mbele ya watu," alisema. "Maneno yote yenye alikuambia wewe. Na sahihi yake iko pale chini."

Jenerali alikwenda gerezani bila kumaliza chakula. Walinzi walimpigia saluti, wakampeleka hadi kwenye mlango wa chuma. Sumaili alikuwa amekaa chini, jicho moja limevimba na kufunga.

"Mon général," alisema, "ulinilipisha nini? Sikukukosea kitu."

"Si mimi, Sumaili."

"Tulikuwa watu watatu ndani ya ile nyumba."

Kisha akageukia ukuta.

Watatu. Jenerali aliniambia baadaye kwamba alitembea kutoka gerezani hadi ofisini akitafuta mtu wa nne, mtu yeyote, aliyeweza kuwa dirishani siku ile. Hakumpata. Alimkuta Kabeya anachonga penseli.

"Bahasha zilikwenda wapi?"

Kabeya hakuruka wala kukana. Alifunga kisu chake, akakiweka mezani.

"Papa, hakuna hata moja iliyopanda ndege. Zote zinakwenda kwa Kamisa. Yeye anamwita aliyeandikwa, anamuonyesha sahihi yako, yule anaogopa, wanaelewana. Ulidhani walikuita Kindu kufanya nini? Ripoti ya mwizi haiogopeshi mtu. Walihitaji muntu asiyekula rushwa."

Kamisa ndiye aliyekuwa mkubwa wa serikali na chama hapa kwetu wakati huo. Jenerali alikuwa amekula mezani kwake mara nyingi.

"Na Sumaili?"

"Huyo ni bahati mbaya. Mukubwa wa mizigo alitaka karatasi yenyewe, wakamupatia."

"Nilikubeba siku mbili, Kabeya."

"Najua. Njo maana nilikulinda. Tangu mwaka jana walitaka kukutoa. Niliwaambia wakuache, muzee hana matata, anaamini."

Mama Ndaya anasema neno hilo la mwisho ndilo lililomvunja mumewe. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa navyo mkononi.

Kesho yake alivaa magwanda yake na medali zote, akaenda kwa Kamisa kudai Sumaili afunguliwe. Kamisa alimpokea kwa kahawa na kumwita ndugu. Karatasi ilikuwa tayari. Ilisema kwamba Ofisi ya Uangalizi imechunguza stesheni na haikuona kosa lolote, na kwamba Jenerali alidanganywa na mtu asiyejua kitu. Akitia sahihi, Sumaili atarudi kwake siku ile ile. Asipotia, atapelekwa mbali na Kindu, na huko hakuna ajuaye kitakachompata.

Jenerali alitia sahihi.

Sumaili alifunguliwa kweli. Lakini Jumamosi iliyofuata, watu walipokusanyika kwa salongo, ile kazi ya umma ya lazima, na majembe yakiwa bado mikononi, karatasi ile ilisomwa kwa sauti. Wakulima wa Kailo na Pangi walikuwapo, wale wale ambao mpunga wao uliozea stesheni. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Kumbe naye alikula." Hakuna aliyembishia. Mimi pia nilinyamaza, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Aliacha kazi siku ya Jumatatu. Ofisi alipewa Kabeya, aliyefanya kazi hapo hadi alipohamishiwa Bukavu na cheo kikubwa zaidi.

Baada ya mavuno Jenerali alikwenda Kailo peke yake kwa baiskeli. Mke wa Sumaili alimtolea kiti na maji, kwa heshima. Sumaili alikuwa ndani, alisikika akikohoa. Jenerali alieleza kila kitu akiwa ameuelekea mlango wa nyumba: bahasha, Kabeya, karatasi, na kwa nini aliitia sahihi. Alipomaliza alingoja. Mwanamke aliingia, akakaa kidogo, akatoka.

"Anasema amesikia," alimwambia.

"Hakusema kingine?"

"Hapana, Papa. Amesikia, basi."

Mwaka ule ule Sumaili aliacha shamba, akaenda Pangi kuchimba madini. Jenerali aliishi miaka mitano zaidi. Alilima, alikwenda misa, aliongea na mimi juu ya mvua na mbegu. Ila mtu akimwita "mon général" barabarani, hakugeuka.