Glavu za Kabatini

Majirani walimwita Mama Mbuzi, naye hakukasirika. Mbuzi wake tisa wa maziwa aliwajua kwa sauti, hata gizani. Na siku afisa mifugo alipokuja na karatasi zake za maswali, mama aliketi wima kama mtu aliyeitwa kupewa zawadi.

"Nisikuchoshe mama. Maswali ishirini tu."

"Uliza mwanangu. Kwenye semina mimi nilikaa kiti cha mbele."

"Mbuzi akitupa mimba?"

"Navaa glavu, nakifukia kwenye shimo refu, nanawa kwa sabuni."

"Maziwa?"

"Yachemke mpaka yapande."

Binti yule afisa akacheka. "Unawapita hata wenzangu ofisini!"

Chumba cha pili mkwe wa Mama Mbuzi aliguna. Mimba ya miezi sita, homa siku ya nne, shuka limelowa jasho. Mwenyewe alisema ni uchovu.

"Sasa tuje kwenye vitendo. Hizo glavu naweza kuziona?"

Mama alifungua kabati la vioo. Pakiti ilikuwa nyuma ya glasi za wageni. Akaifuta vumbi kwa upindo wa gauni, akaikabidhi kwa mikono miwili. Afisa aliigeuza, akaigeuza tena.

"Mama, hii haijafunguliwa."

"Ndiyo, nimezitunza..." Akasikia alichokisema.

"Kuna mbuzi aliyetupa mimba karibuni?"

Kalamu ilisubiri. Akisema hapana, yameisha. Akisema ndiyo, zizi litabaki na mbuzi wangapi?

"Mama," mkwe aliita kwa sauti nyembamba, "naomba maji."

Basi akamwona kama alivyokuwa wiki tatu nyuma, amepiga magoti zizini nyuma ya mbuzi anayetupa mimba, anasita, na yeye mwenyewe amesimama nyuma yake akisema: vuta tu mwanangu, mikono inaoshwa.

"Wawili," alisema. "Wa kwanza nilimzalisha mimi. Wa pili alizalishwa na huyo mkwe wangu unayemsikia. Mikono mitupu. Mimi ndiye niliyemtuma."

Afisa alifunga kalamu. "Ana homa?"

"Na mimba."

"Mpeleke hospitali sasa hivi; huo ugonjwa wa mbuzi humwingia mtu kwa mikono mitupu. Waambie hivyo hivyo, wasije wakampa dawa za malaria na kumrudisha nyumbani."

"Na mbuzi wangu?"

"Watapimwa damu. Sikudanganyi mama, wengine unaweza kuwapoteza."

Mama alikuwa ameshaingia chumbani. "Amka, vaa viatu."

"Ni uchovu tu, mama."

"Si uchovu. Ni mimi. Vaa viatu."

Hospitalini alimweleza daktari yote bila kupunguza. Damu ikatolewa. Kisha daktari akaweka kipimo tumboni, akakisogeza, akakisogeza tena. Mkwe alimtazama mama mkwe wake, na mama akatazama sakafu.

"Mapigo yapo," daktari alisema. "Dawa anaanza leo."

Mama akaketi kwenye benchi.

"Na huyo mbuzi wa kwanza," daktari aliuliza, "alizalishwa na nani?"

"Mimi."

"Kunja mkono wa gauni."