Ukuta wa Bi Nawal

Maryann alikuwa Mmarekani, lakini usimwonee wivu. Mchoraji wa kuta hazeeki vizuri popote. Magoti yalikuwa yamekwisha, bega la kulia limegoma, na kuta zote alizochora Riyadh zimeshakwenda: huu umebomolewa kupisha barabara, ule umepakwa rangi ya duka, mwingine umebandikwa tangazo la simu. Amechora nusu ya umri wake, na hana hata ukuta mmoja wa kumwonyesha mtu. Hilo lilimchosha kuliko ngazi.

Ndipo alipoitwa na Bi Nawal, mjane wa mtaa wa Al-Hamra, kule Jeddah.

"Chora unachotaka uani kwangu," Bi Nawal alimwambia. "Maadamu mimi ni hai, hakuna atakayeufuta."

Jamani! Maneno hayo Maryann hajawahi kuambiwa. Akafunga brashi zake akaenda.

Alichora wanawake wa kazi za ndani siku yao ya mapumziko, na katikati akamweka Keziah, Mkenya aliyepika na kufua humo nyumbani: ameketi, kavua viatu, hafanyi chochote. Keziah akipita na beseni la nguo, lazima asimame ajitazame.

"Weh! Huyo ndiye ana likizo," husema, kisha yalla, anarudi jikoni.

Lakini mazoea yana taabu. Riyadh ni kukavu mno. Huko ukuta sharti uunyweshe maji kwanza, la sivyo unanyonya rangi kabla hujageuza brashi. Jeddah nako Maryann alifanya hivyohivyo, kila asubuhi na mpira wa maji mkononi, bila kufikiri. Kumbe ukuta wa pwani una chumvi ndani yake, na maji ndiyo yanayoitoa nje. Haukupita muda, unga mweupe ukajitokeza chini ya rangi, picha ikaanza kubambuka. Akakwangua, akapaka upya, ikabambuka tena. Kosa lilikuwa lake, wala hakuwa na wa kumsingizia. Alichoka, akachoka hadi kulia kukamshinda.

Bi Nawal alivumilia, maskini, mpaka lipu yenyewe ikaanza kuanguka vipande.

"Halas, yatosha, dada yangu," akasema kwa upole. "Kesho nitaleta mafundi waibomoe."

"Usilete mtu. Nipe nyundo, nitaibomoa mwenyewe."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Asubuhi Maryann alipanda ngazi, Keziah akamshikia. Alianzia katikati, kwenye picha ya Keziah, maana alijua akiiacha iwe ya mwisho hataweza. Akainua nyundo. Mkono ukabaki juu, haushuki.

"Samahani, Keziah," akasema.

Keziah alikuwa analia, na hakujificha.

"Piga tu, mama," akamjibu. "Hata huyo wa likizo, kazi imemwita."