Ndengu Chini ya Blanketi la Kaluki

Nikiisimulia hii aibu yangu watu hucheka mwanzoni halafu hunyamaza, kwa hivyo wa kucheka acheke sasa.

Ilikuwa miaka ya sabini, mimi nesi huku Kitui, najiona mtu mkubwa kwa sababu ya kofia nyeupe. Kaluki, mke wa fundi cherehani, alikuwa na uchungu siku ya pili na mtoto amekaa vibaya, ikaitwa ndege ndogo ya injini mbili impeleke Nairobi akapasuliwe, nami nimsindikize. Sasa Nairobi yuko kaka yangu, na Mkamba gani huenda kwa kaka yake mikono mitupu? Rubani alipima kila kitu kwa mizani (hata Biblia yangu aliipima), akasema ndege imejaa, hata kuku haongezeki. Basi mchungaji alipoanza maombi ya safari, yale marefu ya kwetu, macho yote yamefumbwa, rubani naye ameinamisha kichwa, mimi na dereva wa hospitali tukaingiza nusu gunia la ndengu za kaka (wengine huziita choroko) miguuni pa Kaluki, nikalifunika kwa blanketi lake. Yeye aliniona. Lakini nani humgombeza nesi wake?

Tulipaa. Tumepita tu miti ya mwisho, injini ya kushoto ikakohoa, ikazima. Rubani akatuambia tusiogope, iliyobaki inatosha kutuzungusha turudi uwanjani, lakini ndege ikakataa kupanda, naye akawa anasema peke yake kwamba hesabu ya uzito haikubali. Mimi niliijua hiyo hesabu. Na nitasema ukweli, sikuogopa kufa kwanza, niliogopa kuaibika.

Kaluki akanishika mkono, jasho likimtoka.

"Sista, mwambie."

Nikamwambia. Rubani hakugeuka hata kunitazama. Akasema, "Basi hatuwezi kupinda," akatushusha moja kwa moja mbele yetu kwenye shamba la mawele yaliyokwisha kuvunwa, tukarukaruka, tukaburuzika, gunia likapasuka na ndengu zikatumwagikia mpaka masikioni.

Watu wa maombi walikuja mbio. Wakamtoa Kaluki wakimpangusa ndengu usoni, na mumewe, akilia, akauliza nani alimwekea mke wake mzigo huu.

"Ni zangu," Kaluki akasema.

Rubani alinitazama, akangoja. Nikainama kumfunika Kaluki blanketi.

Walimpeleka Machakos kwa Landrover, barabara ile ya mawe, akajifungua binti, wote wawili wakapona kwa neema ya Mungu. Jumapili kanisani, wakati wa ushuhuda, mumewe akasimama kumwombea mkewe msamaha kwa tamaa ya ndengu. Hapo nikashindwa. Nilisimama kabla hajamaliza, nikasema zilikuwa zangu. Hakuna aliyecheka.

Kaluki aliporudi nilienda kwake kumwomba radhi. Akasema hana neno na mimi, alinisamehe tukiwa bado juu, akaendelea kunyonyesha. Halafu akaniuliza kwa nini nilingoja mpaka Jumapili. Nikaapa tu kwamba sitamwacha tena mgonjwa anibebee kosa langu.