Tulipojiandaa Kwenda Ilagala kwa Miguu

Mawese yakishika moto, harufu yake haiombi ruhusa kwa mtu. Juzi mdogo wangu alinitumia dumu kutoka Kigoma, nami huku Morogoro nikamimina kidogo tu kwenye sufuria niunge maharage. Vitunguu havijaiva, mwanangu alikuwa ameshaziba pua, jirani ameshachungulia juu ya ua kuuliza kunapikwa nini, na mimi nimesimama na mwiko mkononi nacheka peke yangu. Nilikuwa nimerudi Ujiji, uani kwetu Buzebazeba, kiangazi kile nilipokuwa darasa la nne, na mgongoni nina begi linalonuka vivyo hivyo.

Lakini mtanielewa vipi kama sijawaeleza safari yenyewe? Bibi yetu mzaa baba aliishi Ilagala, karibu na pale mto Malagarasi unapoingia ziwani. Boti za kwenda huko zilikuwepo, na magari yalikuwepo. Ila Shangazi Zuhura, dada yake baba, alikuwa na utaratibu wake ambao hakuna aliyethubutu kuugusa: shule zikifungwa mwezi wa sita, watoto wa ukoo waliofika darasa la nne walikwenda naye kwa Bibi kwa miguu, siku mbili, wakilala kwa jamaa njiani. Ukimuuliza kwa nini, alikuwa na jibu jipya kila mwaka. Jibu ninalolikumbuka zaidi ni kwamba mtoto aliyefika kwa bibi yake kwa gari hana cha kumsimulia, na Bibi hakupenda wageni mabubu.

Shangazi alikuwa mnene, mwepesi, aliyewahi kucheza netiboli hadi mkoani, na alitembea kama mtu aliyesahau chungu jikoni. Aliuza samaki, migebuka ya kukausha. Aliichukulia safari ile kama vita. Mwezi mzima kabla ya kuondoka tulikuwa mazoezini, na mwaka ule wanafunzi wake tulikuwa wawili: binamu yangu Shabani, aliyejiona tayari mwanajeshi, na mimi.

Kasoro yangu ilikuwa kifua. Nilikuwa na pumu. Baridi ikizidi, vumbi likizidi, hata kicheko kikizidi, kifua kilianza kupiga mluzi. Mama alikuwa amekesha nami mara nyingi kiasi kwamba neno safari lilipotajwa alisema moja tu: "Huyu hapana." Baba hakuwahi kubishana naye kwa jambo la kifua changu. Shangazi ndiye aliyeng'ang'ana, wakavutana siku kadhaa huku wakisuka mikeka bila kutazamana, mpaka Mama akatoa sharti. Mwisho wa mazoezi nitapanda kilima cha Bangwe na mzigo wangu wote. "Ukifika juu, nenda. Ukisimama njiani, utabaki hapa na mimi tuanike dagaa."

Nilifurahi kana kwamba nimeshapanda. Ilagala ilikuwa kila kitu kwangu. Watoto wote wakubwa wa ukoo walikuwa na hadithi ya Ilagala, na kila walipoisimulia walinitazama kwa huruma, nami huruma ile niliichukia kuliko pumu yenyewe.

Kila siku baada ya sala ya alfajiri Shangazi aligonga dirisha. Tulishuka hadi ziwani, tukajaza mchanga kwenye viroba, tukapanda nao kurudi nyumbani. Kwetu mzigo ni wa kichwani, lakini Shangazi alitaka wa mgongoni, mikono ibaki huru kushika miti kwenye utelezi. Wiki ya kwanza hatukuwa na mabegi, kwa hiyo mimi nilifungiwa kiroba changu kwa mbeleko. Majirani waliokuwa wakifagia walitupokea kwa mikono miwili.

"Mwakeye! Mmeamkaje? Hongera mwali, umejifungua mtoto gani?"

"Wa kiume," alijibu Shangazi bila kupunguza mwendo. "Mzito, kafanana na baba yake."

Shabani alicheka mpaka kiroba chake kikapasuka. Hicho kilikuwa kicheko chake cha mwisho asubuhi ile, maana alirudishwa ziwani kuanza upya.

Mama alinifuata kila siku kwa mbali, dawa yangu ya kuvuta ameifunga kwenye pindo la kanga. Alisema anakwenda kununua mboga. Alfajiri ile! Hakuna hata muuza mchicha aliyekuwa ameamka.

Kisha Baba akatuletea mabegi ya mtumba kutoka sokoni. Langu lilikuwa la turubai la kijani, limepauka, lina mikanda mingi kuliko mahitaji ya binadamu. Jioni nzima familia ilikaa mkekani kulijadili. Mkanda wa kifuani tuliuelewa. Wa kiunoni Shangazi aliuelewa baada ya kuambiwa haumtoshi. Vitanzi viwili vya nyuma hatukuvielewa kabisa, mpaka Baba akaamua ni vya kuningʼinizia migebuka, na hadi leo sijapata maelezo bora zaidi. Shabani ndiye aliyegundua kwamba kile kifungo cha mkanda wa kifuani kina filimbi ndani yake. Tuliipuliza mpaka mzee wa nyumba ya pili akatuma mtu kuuliza kama kuna mechi.

Shangazi akatuonya kwamba begi la turubai likinyeshewa, au likidondoka kwenye maji ya mto Luiche tukiwa tunavuka, nguo zote zitalowa. Tulitakiwa tutafute mifuko ya nailoni ya kufungia nguo ndani. Hapo ndipo mimi na Shabani tulipotumia akili zetu. Nyumbani kwetu mawese yalikuwa dawa ya kila kitu. Yalipikwa, yalipakwa miguu iliyopasuka, yaliwekwa kwenye bawaba za mlango, na mtoto akiungua kidole alichovywa humo. Na maji na mafuta hayachanganyiki, mwalimu alitufundisha. Sasa nailoni za nini?

Tulisubiri wakubwa waende msibani, tukabandika sufuria ya mawese, tukayapaka mabegi yote mawili ndani na nje kwa ufagio wa njiti. Tukayaanika juani yanywe vizuri. Yalikunywa kweli. Yalipong'aa rangi ya chungwa tulirudi nyuma kuyatazama, tukapeana mikono kama mafundi.

Kulipokucha baridi ilikuwa imegandisha mafuta na mabegi yamekauka wima kama mbao. Sisimizi walikuwa wamekwisha kupata habari. Kuku wa jirani walikuwa wakiyadonoa. Shangazi alitoka, akatazama, akakaa chini kwenye kizingiti, akaweka mkono kichwani. Nilijua sasa tumekwisha. Badala yake alianza kucheka, kicheko cha tumbo kilichomtoa machozi, akamwita Mama, na Mama naye, ambaye wiki zile zote hakuwa amemchekea Shangazi hata kidogo, akashikilia mlango asianguke.

"Yawekwe chumvi," alisema Mama akihema. "Yamebaki kuliwa."

Tuliyasugua ziwani kwa sabuni na majivu mpaka vidole vikakunjamana. Harufu ilipungua, rangi ilibaki. Tangu siku ile mazoezi yetu yalikuwa na mbwa. Walitufuata kutoka Buzebazeba kwa adabu, pua juu, na Shangazi alisema hajawahi kuwa na wanafunzi wanaopendwa hivi.

Siku ya Bangwe ikafika. Mzigo ulikuwa kamili: nguo, shuka, sahani, dagaa wa kukaanga, karanga, maji. Shabani aliruka mbele akipuliza filimbi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, alisema Shangazi, na kweli tulimpita baadaye amekaa kwenye kichaka anatoa mwiba kwenye raba yake. Mimi niliagizwa kwenda mwendo wangu. "Buhorobuhoro, mwana wanje," aliniambia Shangazi, pole pole, mwanangu, akatangulia hatua chache. Mama akashika nyuma yangu.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Jua lilikuwa halijachoma, nyasi zilinuka vumbi la kiangazi, na kila nilipogeuka ziwa lilikuwa limeongezeka ukubwa. Milima ya Kongo ilionekana ng'ambo. Niliimba. Katikati ya kilima, njia ilipoanza kupanda wima, nikaacha kuimba. Baadaye kidogo nikausikia ule mluzi mwembamba ndani ya kifua.

Nilijua la kufanya, maana nilikuwa nimelizoea. Shuleni mara nyingi nilifunga mdomo, nikahema kwa pua, nikasema sijambo, ili nisitolewe mchezoni. Nilirudi nyumbani midomo imepauka, Mama akaniuliza, nikasema sijambo. Juu kulikuwa kunaonekana. Nikajiambia nikaze. Nikapiga hatua nyingine na nyingine, mluzi ukapanda, na ghafla nikaona wazi kabisa jinsi itakavyokuwa huko njiani, mbali na nyumba yoyote, Shangazi akinibeba juu ya mzigo wake. Nikasimama.

"Mama," nikasema, "kifua kimebana."

Nilivua begi, nikakaa juu ya jiwe, nikaanza kulia kabla hata ya kuvuta dawa. Nililia kwa ajili ya Ilagala, nililia kwa ajili ya dagaa nitakaowaanika. Mama alipiga magoti mbele yangu, akanishikia dawa, akahesabu pumzi zangu kwa kunipapasa mgongo. Shangazi alisimama pale juu akitazama ziwa kana kwamba amepoteza kitu huko.

Kifua kilipofunguka, Mama alinifuta pua kwa kanga yake.

"Umeshapumua?"

"Ndiyo."

"Haya inuka, tumalizie."

Nikamalizia kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Kule juu, upepo umetupiga, Mama alimgeukia Shangazi na kusema neno moja: "Mchukue." Shangazi akapiga kigelegele kilichowaondoa kunguru mitini. Mimi niliduwaa. Nilikuwa nimesimama, sharti nilikuwa nimelivunja mbele ya macho yao, na bado ninakwenda Ilagala! Nikaamua kwamba Mama amenihurumia. Sikuuliza, nisije nikamkumbusha.

Tulikwenda. Nilisimama mara nyingi njiani, nikasema kila niliposhindwa, tukakaa, tukala karanga, tukaendelea. Tulifika kwa Bibi jua linazama, miguu ina malengelenge, migongo ina rangi ya chungwa, na Bibi akatuchezea ngoma uani kana kwamba tumetoka Makka. Sijawahi kufika mahali popote tena kwa furaha ile.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilikwenda kwa huruma. Kisha mwaka jana, nikiwa nyumbani mapumziko, nikamwambia hivyo Shangazi, ambaye sasa ni mzee na bado anatembea haraka. Alinishangaa.

"Huruma? Mama yako aliusikia mluzi wako kabla yako. Mimi niligeuka nikamwona. Dawa alikuwa ameshaitoa kwenye pindo tangu chini kule, kaishika mkononi, kauma kanga. Nikataka kukusimamisha, akanikataza kwa mkono. Aliniambia usiku ule kwamba kilima hakimtishi. Alitaka kujua kama utasema mwenyewe kifua kikibana."

Mwanangu ana miaka tisa, na kifua chake ni changu. Jumapili hupanda naye njia za Uluguru, yeye mbele na mimi nyuma, na pumzi zake nazisikia zote. Kila mara mdomo wangu unataka kufunguka. Naufunga, namsubiri aseme mwenyewe, na kila hatua ya kumsubiri ni ndefu kuliko njia yote ya Ilagala.