Mkono Una Nguvu, Lakini Umesahau Kuonesha

Wakuu, asalaam aleikum, na wasio wa dini yangu hamjambo. Hili limenipata mwenyewe, siongezi chumvi. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo herufi zangu msizisahihishe.

Mimi ni fundi wa kuezeka makuti, Kinondo. Mapaa mnayopiga picha huko Diani, mengi ni kazi ya mkono huu.

Mwezi uliopita niliamka mdomo umepinda. Kabla ya adhuhuri ukanyooka. Nikasema nimelala vibaya, nikaenda kazini. Ujinga mtupu.

Kazini kulikuwa na vibarua wapya. Sisi hatufundishi kwa maneno. Fundi husimama chini, huonesha fundo hewani kwa mikono mitupu, walio juu wakafuata.

Nikainua mikono. Vidole vikaenda kama vya mtu afukuzaye nzi.

Mkwe wangu Hamadi akacheka. "Baba, hilo fundo la wapi? La Unguja?"

Nikacheka nami, nikashusha mikono. Ndoo ya maji nabeba. Nikiuambia mkono onesha, haujui.

Mke wangu Mwanasha akanivuta hadi hospitali, Msambweni. Mtaalamu wa mazoezi, binti wa bara, akaweka vidole kidevuni mwake. "Mzee, fanya kama mimi."

Vyangu vikaenda sikioni.

"Haya, nioneshe unavyochana nywele."

"Binti, huoni kipara?" Nakwepa tu, wakuu.

Akachana yeye, bila kitana, akaniuliza anafanya nini. Hilo nikalijua papo hapo. Kisha akanipa kitana chenyewe. Mkono ukaenda kichwani bila shida.

Akasema ni kiharusi kidogo, ubongo umeumia upande wa kushoto, pale panapogeuza kilichoonwa na jicho kiwe kazi ya vidole. Kutambua kumebaki. Kuiga na kuonesha ndiko kulikoharibika.

Mimi nawaza paa la Galu, tulilopaswa kuezeka Jumatatu. Fito zisipofungwa sawasawa, anayezikanyaga anaanguka.

Nikajijaribu uani na kamba ya kweli. Fundo la kwanza safi. La pili safi.

"Umepona, Baba!" Hamadi huyo.

La tatu nikavitazama vidole. Vikasimama. Kamba ninayo, sijui ipite wapi.

Mwanasha akaninyang'anya. "Hupandi. Mimi sitaki kuvaa kaniki ya ujane."

Nilitaka kubisha. Nikamgeukia Hamadi. "Panda wewe."

Jumatatu akaniita kutoka juu: "Baba, hapa pembeni nafungaje?"

Nikafungua kinywa. Miaka arobaini, fundo hilo sijawahi kulisema. Maneno yake sina.

Nikamwambia ashuke. Nikampa kamba, nikashika vidole vyake juu ya ufito uliobaki chini, nikavisukuma kimoja kimoja. Mara mbili tukakosea. Ya tatu likashika. Akapanda, nami nikabaki chini, nikimfuata kwa macho kila akihamisha mguu, mpaka aliposhuka salama.

Mdomo ukipinda hata dakika tano, kimbia hospitali. Usijidanganye kama mimi.

Aliyepitia haya aniambie: mkono hurudi? Semeni kweli, msinibembeleze.