Mrija wa Mkurugenzi

Mama alipoteza macho kambini Tanzania kabla sijang'oa meno ya utoto, kwa hiyo uso wangu alioujua ulikuwa wa mtoto mwenye kamasi. Tuliporudi Burundi, tukakaa Giteranyi, nikazaa, nikaota mvi, na yeye akabaki na mtoto yule yule kichwani. Alikuwa akinipapasa mashavu akisema, "Nataka nione umezeeka vipi, nikucheke."

Halafu zikaja taa. Unawasha moja mbele ya kipofu, na kwa muda wa kufunga kamba za viatu ukungu unamtoka machoni, anaona. Shirika lililokuwa likitugawia fimbo nyeupe na miwani myeusi lilipewa taa yake, ikawekwa ofisini Gitega. Nikampakia mama kwenye baiskeli mpaka barabara kuu, tukapanda gari. Nilidhani kesho yake tungerudi akiniuliza majina ya vilima.

Kumbe watu wale sikuwajua. Fimbo walizigawa miaka nenda miaka rudi, na vipofu hawakupungua. Taa ingewamaliza vipofu wote wa mkoa, na ofisi ingefungwa. Basi wakabuni semina: hakuna kuwashiwa taa mpaka ufundishwe kwanza jinsi ya kuona. Mwalimu mwenye tai akawaambia vipofu kwamba nyekundu ni rangi ya moto. Mama akamjibu kuwa moto ulimuunguza vidole kabla yeye mwalimu hajazaliwa, na wenzake wote wakacheka.

Mwisho wa semina wakapewa fulana zilizoandikwa Subira Yavuta Heri. Taa haikuwashwa. Nikaenda kwa mkurugenzi. Nilikuwa naiona juu ya kabati nyuma yake, imefunikwa kitambaa cha kufumwa.

"Taa iko, mama, hakuna shida," akasema. "Lakini wafadhili hawayafika. Kama tunaponyesha watu bila wageni kuona, c'est comme si, ni kama hatujafanya kitu. We ngoja tu."

Tulikuwa tumepanga chumba kwa mama mmoja Mkongomani wa Kivu, muuza vitenge. Nilipomsimulia, aliendelea kukunja vitenge vyake. "Bakiponyesha batu bote," akasema, "bao batakula nini?"

Wageni wakaahirisha safari, wakaahirisha tena. Mvua zikaanza, chumba kikaingia unyevu, mama akashikwa na kifua. Alifariki amevaa ile fulana, mkono wake ukiwa shavuni kwangu. Nilimrudisha Giteranyi kuzikwa. Njia nzima sikulia, nilikuwa nawaza nitawafanya nini.

Siku ya kuvunja matanga wakaja wenyewe. Wafadhili walikuwa wamefika hatimaye, na mkurugenzi akaona msiba utatoa picha nzuri. Akaleta basi la vipofu, wenzake mama wa semina, wamevalishwa fulana zao. Taa akaja nayo ndani ya gari lake, ya kuonyeshwa wageni.

Kwetu pombe ya mtama inanywewa chunguni kwa mirija, na mfiwa ndiye anayegawa. Anayerukwa na mrija msibani ametajwa kuwa mkosaji mbele ya watu wote bila jina lake kutamkwa. Na akiondoka kabla ya kunywa, kilima kizima kitasema ana mkono katika kifo kile. Nikagawa mirija. Nikawapa majirani, nikawapa vipofu, nikawapa hata wazungu wake. Yeye nikampita.

Akatabasamu, akangoja, nikampita mara ya pili. Wafadhili wakaanza kutazamana.

"Na mi?" akauliza. "Mrija yangu iko wapi?"

"Uliniambia taa inangoja wageni," nikasema, watu wote wakisikia. "Wageni hao hapo, wamekaa. Iwashe."

Jasho lilimtoka. Aliwatazama wafadhili, akatazama chungu, na nadhani alijiambia kuwa akiwasha atapata mrija na picha pia. Akamtuma dereva garini. Taa ikawashwa pale uani, ikapitishwa uso kwa uso, na chungu hakikuwa kimefika hata nusu vipofu wote walipokuwa wameona. Basi zima likabaki halina mtu wa kuhudhuria semina. Wafadhili walikuwa wamejionea kwamba taa haihitaji semina; kazi yake iliishia uani kwetu, na alijua.

Akanyoosha mkono apewe mrija. Nikaingia ndani nikatoka na fulana ya mama, nimeifua, nimeipiga pasi, nikamlazia mapajani maandishi yakiwa juu.

"Mrija wako upo, mkurugenzi," nikamwambia. "We ngoja tu."

Sikumwonea huruma, na leo bado simwonei. Nilifurahi. Wenzake mama walikuwa wakizungukazunguka uani, wanatazama mikono yao, migomba, nyuso za watu. Kisha mmoja baada ya mwingine wakamgeukia mtu aliyekaa peke yake bila mrija, wakauliza ni nani. Nikawaambia. Wakamtazama kwa macho yao mapya, na hakuna aliyeyaondoa.