Uso Wangu Mapajani mwa Mkwe

Sikutaka kupanda lile gari. Niseme hilo kabisa, maana wajukuu wangu wanasimulia kana kwamba bibi yao alipelekwa matembezi.

Jicho langu la kushoto lilikufa zamani. La kulia likaingiwa na mtoto wa jicho, nikawa naona kama mtu anayechungulia kwenye moshi wa kuni mbichi. Pale zahanati, Mtinko, wakatangaza kuwa madaktari wa macho wanakuja Manyoni. Watakaa siku chache, kisha wanakwenda mikoa mingine. Atakayewakosa awasubiri mpaka Mungu atakapowarudisha. Mimi nilikuwa nalima mtama kwa jicho hilo moja. Likifa, ningeongozwa kwa fimbo mpaka chooni.

Binti yangu akasema mume wake atanipeleka. Mume wake ni mtoto wa mjini, wa madukani, baba mtu wa pwani, mama sijui wa wapi. Ilikuwa miaka ambayo kila mtu anauza anachoweza, na yeye aliwauzia watu sura zao. Alinunua kibasi kikuukuu, akang'oa viti, akatia kitanda, jiko, pipa la maji na pazia. Wakawa wanaishi humo, yeye na binti yangu, wanafuata minada na kupiga watu picha. Mimi nilikiita nyumba isiyo na kizingiti. Mwanangu nilimwoza kwa mwanamume, sikumwoza kwa barabara.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani. Hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na neno likiwapo linapita kwa binti. Si chuki hiyo, ni heshima, ingawa kwa huyu nilikuwa navyo vyote viwili. Basi nikakaa nyuma ya pazia, khanga kichwani, yeye mbele kwenye usukani, binti yangu katikati akipeleka na kurudisha maneno. Tulipolala Singida mjini, wao walilala ndani ya gari, mimi nikatandika mkeka nje. Asubuhi nikanawa uso hapohapo, kichwa wazi, nikijua niko peke yangu.

Kabla hatujatoka mjini akasimama dukani. Alikuwa amejipigia hesabu ya kununua kompyuta, zile za kukunja zinazoitwa laptop. Gari lilikuwa mlangoni kabisa, nikasikia kila kitu. Muuzaji akaweka mbili mezani, zote zimetumika Ulaya.

"Kaka, kama unaishi kwenye gari chukua hii ndogo. Inakaa na chaji. Ile kubwa betri yake imechoka, lazima uichomeke kwenye betri ya gari, na inanyonya kama ndama."

"Kioo cha hiyo ndogo ni kama kigae," akasema mkwe. "Mteja wa mnadani anataka ajione mkubwa."

Nikamwambia binti, "Mwambie mume wako achukue kinachokula kidogo."

Binti akapeleka. Jibu likarudi, na nililisikia kabla binti hajafungua mdomo: "Mwambie mama hii si mbuzi."

Akachukua kubwa.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya madaktari kupokea wagonjwa. Alijua. Niliuliza kwa binti, akajibu kwa binti: tutafika mapema. Lakini kabla ya Manyoni tukakuta mnada, ng'ombe wamejaa, mitumba imetandazwa, watu tele. Nikasikia gari linapunguza mwendo.

"Mama, anasema ni kidogo tu. Anataka kuijaribu."

"Mwambie nijaribiwe mimi kwanza."

Alikuwa ameshazima injini.

Akakaa kwenye kreti mlangoni, kompyuta mapajani, waya umeingia ndani ya gari. Ili watu waone kioo chake kinavyong'aa, akaweka picha moja kubwa. Mimi nipo nyuma ya pazia, nasikia watu wanasogea, wanacheka, wanasifu.

"Lo! Mpaka mikunjo inaonekana! Na hilo jicho jeupe, tazama. Bibi huyu ni nani?"

"Mama mkwe wangu huyo," akasema, kwa majivuno. "Nimempiga leo asubuhi ananawa."

Halafu mzee mmoja akauliza polepole, "Mama mkwe wako? Na umemweka hapo?"

"Hapo wapi, mzee?"

"Mapajani!"

Mnada wote uliangua kicheko. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Na kichwa wazi, jamani! Huyu mwanaume kampakata mkwewe hadharani!" Mwingine akataka kujua kama nimelala au nabembelezwa. Nilikaa humo nikiwa nimeziba uso kwa mikono, kama vile kuziba huku kungefuta kule.

Kioo kikazima chenyewe. Akaenda kuwasha gari. Likalia tik. Akarudia. Tik. Yule ndama alikuwa amemaliza maziwa ya betri.

Akaomba watu wasukume. Mzee yule akaweka fimbo yake mbele ya tairi. Hakuna kusukuma, akasema, mpaka mtu huyu atoe kondoo, wazee wakae, mama wa watu arudishiwe heshima yake.

Nilifurahi. Kwa nini nidanganye? Nilimsikia mkwe anababaika, hana mzaha tena, nikasema moyoni, kaa hapo, onja. Lakini jua lilikuwa limeanza kuinama, nao wakaanza kubishana kondoo awe jike au dume, achinjiwe wapi, nani akamlete. Manyoni bado iko mbele, na madaktari wanafunga masanduku yao.

Nikavuta pazia, nikashuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Tulia, tunakusaidia."

"Mnanisaidia nini?"

"Heshima yako."

"Heshima yangu nitaitafuta nikiwa naona. Ondoa fimbo."

"Mama, kondoo..."

"Huyo kondoo nani atamla? Mimi nakwenda kwa daktari. Ninyi ndio mnanoa visu."

Watu wakacheka tena, safari hii si mimi niliyechekwa. Mzee akakasirika. "Lakini umesimama mbele ya mkweo, mama. Uso kwa uso!"

Kweli nilikuwa nimesimama. Nikageuka, nikamwona kama kivuli chenye shati, nikamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, mara ya kwanza tangu aoe:

"Wewe. Panda. Shika usukani, tia gia."

"Ndiyo, mama," akasema, kwa sauti ndogo.

Nikaweka bega kwenye bati. Binti yangu akaja upande wa pili. Wakaja wanawake wa mitumba, na wanaume walipoona aibu wakaja pia. Mzee alibaki na fimbo yake. Gari likakohoa, likashika.

Manyoni nesi alikuwa anafunga mlango.

"Bibi, tumemaliza."

"Mimi sijaanza," nikasema, nikaweka mguu pale mlango unapokutana na fremu. Tukatazamana, yeye kwa macho mawili, mimi kwa ukungu, mpaka daktari akauliza kutoka ndani kuna nini.

Kesho yake asubuhi wakafungua bandeji ya jicho walilolipasua. Nikatoka uani. Niliona majani ya mti, moja moja. Nikamwona binti yangu, amekonda kuliko nilivyodhani, na gauni lina kiraka. Kando yake amesimama kijana mwembamba, kompyuta kwapani, kola imechakaa, ananitazama kama mtu anayengoja hukumu.

Nikavuta khanga mpaka kwenye pua, nikageukia ukuta.

"Mwambie mume wako mimi nitarudi kwa basi."

"Mama, si huyu hapa, anakusikia! Na jana uliongea naye mwenyewe."

"Jana nilikuwa kipofu. Mwambie."

Akamwambia.